Geuza Kifaa Usome Chini Kabla Hujalipa

Sanduku la kifaa cha umeme limechorwa ili kiuzike. Lina picha nzuri, namba kubwa ya wati na sifa nyingi. Taarifa zenye uzito ziko kwenye lebo ndogo iliyobandikwa chini ya kifaa au nyuma yake. Sisi tunaopima usalama wa vifaa vya umeme huanzia kwenye lebo hiyo, na ningependa kila mnunuzi wa birika, blenda, tosta au jiko dogo aanzie hapohapo akiwa bado dukani, pesa ikiwa bado mfukoni.

Lebo iliyokamilika inataja mtengenezaji, namba ya modeli, volti, hezi (Hz, mizunguko ya umeme kwa sekunde) na wati. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya umeme vya nyumbani, IEC 60335-1, kinadai taarifa za msingi za aina hii ziandikwe, na tena ziandikwe kwa namna isiyofutika. Maabara tunaisugua lebo kwa mkono sekunde 15 kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha sekunde 15 nyingine kwa kitambaa kilicholowa kiyeyushi cha mafuta. Baada ya hapo maandishi lazima yasomeke vizuri, na kibandiko kisijikunje wala kung'oka kirahisi. Wewe dukani hutafanya yote hayo, lakini kidole chenye unyevu kinatosha kukuonyesha mengi. Wino ukibaki kwenye kidole, jiulize mtengenezaji aliyeshindwa kuandika lebo ya kudumu amefungaje nyaya usizoziona ndani.

Anza na volti. Sehemu kubwa ya dunia inatumia volti 220 hadi 240 na hezi 50. Marekani ni volti 120 na hezi 60, na Japani ni volti 100. Hili linawagusa hasa wanaonunua vifaa vilivyokwisha kutumika au wanaoletewa zawadi kutoka nje. Kifaa cha kupasha moto kilichoundwa kwa volti 120 ukikichomeka kwenye volti 230 hakitapasha mara mbili tu. Volti zikikaribia maradufu, mkondo nao hukaribia maradufu, kwa hiyo nguvu hupanda karibu mara nne. Tosta ya wati 1,000 inajaribu kutoa wati zaidi ya 3,600, na koili yake hukatika au huwasha moto. Adapta ya plagi haisaidii chochote hapa, kwa sababu inabadilisha umbo la pini tu na volti zinabaki zilezile. Tafuta lebo inayosema 220–240 V. Ikisema 100–240 V, kifaa hicho kinakubali kote.

Kwenye wati ndiko watu wengi huchanganyikiwa. Wapo wanaokimbia namba kubwa wakiamini itamaliza umeme, na wapo wanaoikimbilia wakiamini ndiyo ubora. Wati zinaeleza kasi ya kutumia umeme. Bili inatokana na kasi hiyo ikizidishwa kwa muda. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 kunahitaji takriban kilojuli 335, sawa na uniti 0.09 hivi, liwe birika gani. Birika la wati 2,200 litamaliza kazi hiyo kwa dakika mbili na nusu au tatu, la wati 1,100 litachukua mara mbili ya muda huo, na uniti zitakazotumika zitakuwa karibu sawa. Tena lile dogo hupoteza zaidi kidogo, maana maji yanakaa muda mrefu yakipoteza joto kupitia kuta za birika. Kinachokula umeme bure ni kujaza birika la lita 1.7 kwa ajili ya kikombe kimoja. Kwa hiyo ukinunua birika, angalia alama ya chini kabisa ya maji inayoruhusiwa. Birika linaloweza kuchemsha robo lita kwa usalama litakuokolea umeme kuliko lenye wati ndogo lakini linalodai nusu lita kila mara.

Mahali ambapo wati zina uzito mkubwa ni kwenye nyaya za nyumba yako. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Birika la wati 2,200 kwenye volti 230 linavuta ampea 9.6, na kifaa cha wati 3,000 kinavuta ampea 13. Ekstensheni iliyoandikwa ampea 10 ina uwezo wa wati 2,300 kwa jumla ya matundu yake yote, hata yakiwa sita. Birika na tosta pamoja kwenye ekstensheni hiyo tayari vimezidi kipimo, na plastiki inaweza kuanza kulainika kabla fyuzi haijakatika. Ekstensheni za kuviringwa kwenye gurudumu huandikwa namba mbili: kubwa ni ya waya ukiwa umekunjuliwa wote, ndogo ni ya waya ukiwa bado umeviringwa, kwa sababu tabaka za waya zinapashana moto. Vifaa vyote vya kupasha (birika, tosta, jiko, kikaango cha hewa) vichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ikiwa jikoni una soketi moja tu, hesabu hiyo ifanye kabla ya kununua kifaa cha pili, na pesa ya kifaa hicho huenda ikafaa zaidi kumlipa fundi aongeze soketi.

Sasa shika waya wenyewe. Watu husoma maandishi ya sanduku yote na hawasomi yale madogo yanayorudiwa kwenye ganda la waya, nami naona hayo ndiyo yenye faida kubwa. Utakuta kitu kama H05VV-F 3G0.75. Namba 3 ni idadi ya nyaya za ndani. Herufi G inamaanisha mmojawapo ni waya wa ardhi, ule wa kijani na njano. Ukikuta X badala yake, hakuna waya wa ardhi. 0.75 ni unene wa kila waya kwa milimita za mraba. Kwa waya usiozidi mita mbili, 0.75 unatosha hadi ampea 10. Kifaa kinachovuta zaidi ya hapo hadi ampea 16 kinahitaji angalau 1.0, na waya ukiwa mrefu kuliko mita mbili, 1.5. Jiko la wati 3,000 lenye waya wa 0.75 limeundwa vibaya, na hakuna waranti itakayolirekebisha. Waya usio na maandishi yoyote uogope zaidi.

Herufi G inatuleta kwenye suala la ardhi. Vifaa vimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza lina mwili wa chuma unaoguswa, na usalama wake unategemea waya wa ardhi: waya wenye umeme ukigusa mwili kwa bahati mbaya, mkondo unakimbilia ardhini na fyuzi au breka inakata. Kundi la pili lina tabaka mbili za kihami na halihitaji waya wa ardhi. Alama yake ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Ukikuta kifaa chenye mwili wa chuma, plagi ya pini mbili isiyo na mguso wa ardhi, na hakuna alama ya miraba miwili popote, kirudishe kwenye rafu. Na kama soketi za nyumba yako hazina ardhi inayofanya kazi, pini ya tatu ni pambo tu. Fundi mwenye kipimo anaweza kulihakikisha hilo kwa muda mfupi. Aulizwe pia kuhusu swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, iliyoandikwa 30 mA (miliampea 30), kwa sababu jikoni maji na umeme vinakaa karibu kuliko chumba kingine chochote tunachokaa.

Katika nchi zinazotumia plagi ya pini tatu bapa, plagi bandia ina ishara moja iliyo wazi. Kwenye plagi halali, pini mbili za chini zina gamba la plastiki karibu na shina ili kidole kisiguse chuma wakati wa kuchomeka. Pini ndefu ya juu, ya ardhi, haina gamba hata kidogo, kwa sababu lazima iguse chuma cha soketi vizuri. Pini ya ardhi ikivalishwa plastiki, aliyeitengeneza hakuelewa kazi yake. Plagi hiyo inatakiwa iwe na fyuzi ndani: ampea 3 kwa vifaa visivyozidi wati 700 hivi, na 13 kwa vikubwa.

Alama za ubora zisomwe kwa uangalifu. Alama ya CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa inatimiza sheria za Umoja wa Ulaya. Kwa vifaa vingi vya jikoni haina maana kwamba maabara huru imekipima. Alama ya UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa bidhaa, au ya shirika la viwango la nchi yako ikiwa na namba ya cheti, inatokana na upimaji, na namba hiyo mara nyingi inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya shirika husika. Fanya hivyo kwa simu ukiwa palepale dukani.

Kwa birika la umeme, sehemu inayobeba usalama wote ni swichi ya kujizima. Karibu na mpini kuna tundu dogo. Maji yakichemka, mvuke unapita hapo na kufikia kibati cha metali mbili zilizoshikanishwa. Metali hizo zinatanuka kwa kiasi tofauti, kibati kinajipinda na kusukuma swichi. Ndiyo maana birika lililoachwa kifuniko wazi haliachi kuchemka: mvuke umetokea juu. Birika zuri lina kinga ya pili chini ya kitako, inayokata umeme likiwashwa bila maji. Mwombe muuzaji alichemshe kwa maji kidogo mbele yako, usikilize mlio wa swichi kuruka maji yanapochemka. Waya wake uwe mfupi, chini ya mita moja. Umefupishwa kwa makusudi ili usining'inie ukingoni mwa meza mtoto akauvuta.

Blenda ina jambo ambalo karibu hakuna muuzaji analolisema. Kwenye lebo ya nyingi kuna herufi KB zikifuatiwa na dakika, mfano KB 2 min. Zinatoka kwenye neno la Kijerumani lenye maana ya kufanya kazi kwa muda mfupi, na zinakutahadharisha kwamba mota haijaundwa kuzunguka mfululizo kupita dakika hizo. Baada yake iachwe ipoe. Blenda nyingi zinazofika kwa fundi zikinuka kuungua zimeunguza vanishi ya nyaya za mota kwa sababu hiyo tu. Kama kazi yako ni ya kusaga vitu vigumu kwa muda mrefu, tafuta yenye muda mkubwa zaidi. Wati za sandukuni nazo zinaweza kuwa za kilele, yaani zile ambazo mota inavuta ikikaribia kukwama; za lebo ndizo za kazi ya kawaida. Kisha liondoe jagi na ujaribu kuwasha. Mota ikizunguka bila jagi, hiyo blenda usiipeleke kwenye nyumba yenye watoto. Uliza pia kama raba ya jagi, kisu na ile kaplingi inayokizungusha vinauzwa peke yake. Sehemu hizo huchakaa hata kwenye blenda bora kabisa, na pasipo spea hizo utatupa mota nzima kwa sababu ya kipande cha raba.

Maikrowevu huwa na namba mbili za wati. Yenye wati 700 za kupikia inaweza kuvuta wati 1,100 au zaidi ukutani. Ya kwanza ndiyo inayohusu mapishi, ya pili inahusu nyaya. Hofu ya mionzi tunaisikia kila mara, na jibu lake liko mlangoni: kiwango kinachoruhusiwa kuvuja ni miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, kwa umbali wa sentimita 5, na mawimbi hayo yanakoma papo hapo mlango unapofunguliwa. Mlango uliopinda au usiobana ndiyo sababu halali ya kukataa maikrowevu, hasa iliyokwisha kutumika. Na isifunguliwe na mtu asiyesomea kazi hiyo hata ikiwa imechomolewa, kwani kapasita yake inaweza kubaki na chaji ya kuua.

Jiko la indaksheni linapasha sufuria yenyewe kwa sumaku, kwa hiyo nenda na sumaku ndogo kwenye kabati lako kabla ya kwenda dukani. Sufuria isiyonasa sumaku kitakoni haitapata moto, na alumini ya kawaida ndiyo iliyo hivyo. Bei ya sufuria mpya ijumlishwe kwenye bei ya jiko. Vikaango vya hewa vyenye kikapu kisichogandisha visipashwe vikavu kwa muda mrefu. Utando ule huanza kuharibika ukipita nyuzijoto 260, na moshi wake unaweza kuua ndege wa kufugwa.

Ukishafika nyumbani, washa kifaa kwa matumizi ya kawaida kwa dakika kumi ukiwa karibu, zima, chomoa, kisha shika plagi na waya. Vuguvugu si tatizo. Plagi ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, jaribu soketi nyingine unayojua ni nzima. Ikipoa huko, soketi ya kwanza imelegea na inahitaji fundi. Ikiwa bado ni ya moto, kirudishe siku hiyohiyo pamoja na risiti.