Je, wajua kwa nini kule Arcosanti tanuri la kuyeyushia shaba liko karibu na vyumba vya watu kulala?

Kuna kamji kadogo ka zege huko Arizona, Marekani, kama kilomita 110 hivi kaskazini ya Phoenix, kanaitwa Arcosanti. Ukienda asubuhi siku ya kazi unawakuta mafundi wanamwaga shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu za mchanga, wanatengeneza kengele za kuuza, moto unawaka kwelikweli, afu pembeni tu hapo kuna milango ya watu, makazi kabisa, mtu analala huko. Sasa mgeni yeyote lazima ajiulize, hivi hawa wako sawa? Nani anajenga kiwanda na nyumba ya kulala kwa pamoja?

Walifanya makusudi. Tanuri la shaba linapita nyuzi joto 1,000 na kazi ikiisha joto lote hilo huwa linapotea bure hewani, kwa hiyo wakafikiria kuweka bomba kubwa la kulikusanya juu ya tanuri halafu walisukume kwenye makazi ya jirani wakati wa baridi. Na baridi ya kule msiichukulie poa eti kwa sababu ni jangwa, pale ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Desemba maji yanaganda.

Mwenye wazo ni Paolo Soleri, msanifu majengo Mtaliano aliyezaliwa Turin mwaka 1919, akaenda Marekani baada ya vita kuu ya pili kujifunza kwa Frank Lloyd Wright, mzee mwenye jina kubwa kwenye fani hiyo. Kinachochekesha ni kwamba Wright alikuwa anapigia debe mji uliotawanyika, kila familia na eka yake na gari lake, mwanafunzi wake akaenda upande wa pili kabisaaa. Soleri aliona gari ndo linaloumaliza mji, manake ukishaweka barabara pana na maegesho kila mahali, nyumba zinasogea mbali, zikisogea mbali unahitaji gari tena, mduara hauishi. Akataka mji uliobanana, usio na gari ndani, duka na kazi na kitanda vyote vya kutembea kwa mguu. Ujenzi ukaanza 1970. Mipango ilibadilika mara kibao ila hesabu inayotajwa sana ni watu 5,000 kwenye eka 25 hivi, ardhi nyingine yote iachwe ilivyo.

Sasa ukibana watu 5,000 kwenye eka 25 huna nafasi ya kujenga jengo moja kwa kazi moja, hapo ndo matumizi mengi yanakuja yenyewe. Jengo wanalopokelea wageni ndo lenye mgahawa, ndo lenye mahali pa kuoka mikate, ndo lenye duka la kengele, na kuna watu wanaishi humohumo. Uwanja wa maonyesho ya muziki umezungukwa na nyumba za watu kama nusu mwezi, yaani tamasha likiwepo una kiti chako dirishani (na usingizi huna, hilo halisemwi sana). Mapaa mengi unaweza kupanda na kutembea juu, kwa hiyo paa la huyu ni baraza la yule.

Faida yake kwenye joto unaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Chukua vyumba 8 vya mraba, kila kimoja kijengwe peke yake, kila kimoja kina kuta 4 na paa moja zinazopigwa na upepo na jua, jumla nyuso 40. Vyumba hivyohivyo vibandike pamoja, 4 chini na 4 juu, nyuso zinazoangalia nje zinabaki 20. Nusu! Vyumba ni vilevile na ukubwa ni uleule, ila joto linalotoroka limepungua sana kwa sababu ukuta wa katikati haumpotezei mtu kitu, joto likivuka linaenda kwa jirani. Na hapo hujahesabu msingi mmoja, ngazi moja, bomba moja la maji.

Kitu kingine ni lile umbo lenyewe. Karakana ya shaba na ile ya vyungu zimejengwa kama robo ya tufe, chukua chungwa likate nne usimamishe kipande kimoja, uwazi wake unaangalia kusini. Kule jua la mchana wa Juni linapanda hadi nyuzi 79 hivi, karibu utosini, kwa hiyo kuba linakukinga na fundi anafanya kazi kivulini. Desemba jua linaishia nyuzi 32 tu, liko chini, linaingia ndani moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma, zege linalinywa joto mchana na kulirudisha taratibu jua likizama. Hakuna swichi, hakuna mashine, hakuna bili. Na kwa vile mbele ni wazi, moshi na vumbi vinatoka vyenyewe, mvua haikuloweshi. Binafsi naona hiki ndo kitu cha akili kuliko vyote pale, kuliko hata hilo bomba la tanuri.

Ila tusidanganyane, kuna matatizo. Ukuta uliopinda ni mzuri kwenye picha, jaribu kusogeza kabati. Zege tupu linahifadhi joto lakini halilizuii, bila kitu cha kuhami upande wa nje lile ulilohifadhi linakimbia usiku. Tamasha la muziki la 1978 nalo liliacha historia ya ajabu kidogo, wageni walikuja na magari yao wakayaegesha kwenye nyasi kavu, moto ukashika, yakateketea magari zaidi ya mia, na huo ni mji uliojengwa kwa ajili ya kuyakimbia magari.

Tatizo kubwa kabisa lakini ni watu. Soleri alifariki 2013, na miaka zaidi ya 40 baada ya kuanza kujenga mji ulikuwa na wakazi wasiofika hata 200, miaka mingi hawafiki mia, badala ya 5,000. Waliojenga walikuwa wanafunzi wa warsha, maelfu kwa maelfu wamepita pale, tena walilipia kuja kubeba zege, na pesa nyingine zilitoka kwenye kengele na wageni. Jengo la kazi nyingi linalipa pale tu ambapo kila saa kuna mtu wa kulitumia: asubuhi karakana, mchana mgahawa, jioni muziki, usiku kulala. Uwanja wa kukaa mamia ya watu ukiwa na wakazi 80, siku nyingi ni ngazi za zege zinapigwa jua. Mji mdogo ndo unaohitaji sana majengo ya namna hii kwa sababu watu wachache hawawezi kujaza shule na ukumbi na soko kila kimoja na jengo lake, ila ukiwa mdogo kupita kiasi hata hilo moja hawalijazi.

Kuna wanaouliza mbona tusiige huku kwetu. Hilo kuba la kuangalia kusini liacheni hukohuko. Dar jua la mchana wa Juni liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini, na hakuna baridi ya kukufanya ulitafute, kwa hiyo huna upande wa kufungua na upande wa kufunga mwaka mzima. Linalotuchoma sisi ni la asubuhi na la jioni, likija limelala kwenye kuta za mashariki na magharibi, dawa yake ni nyumba ndefu yenye kuta fupi pande hizo mbili na paa lililotokeza vizuri. Hata ile hesabu ya nyuso 40 na 20 inageuka, manake kwenye joto la unyevu unachotafuta ni upepo upite chumba hadi chumba, na vyumba 8 vilivyobandikwa pamoja vinaziba upepo huohuo, labda uache uwazi katikati, na ukishauacha uwazi nyuso zako zimeshaanza kurudi kuelekea 40.