Je, wajua? Kwa nini setilaiti mpya ya kupima bahari huanza kazi kwa kuifuata ya zamani

Novemba 2020, setilaiti ya Sentinel-6 Michael Freilich ilirushwa kutoka Vandenberg, California, ikiwa na rada bora kuliko ya Jason-3 iliyokuwa angani tangu 2016. Lakini kwa zaidi ya mwaka mzima kazi yake ilikuwa kupita kulekule Jason-3 ilikopita, sekunde 30 nyuma yake, ikipima maji ambayo mwenzake ameshayapima. Kwa nini urushe chombo cha gharama kubwa hivyo, kisha ukifanyishe kazi iliyokwisha kufanywa?

Sababu ni udogo wa kinachotafutwa. Tangu 1993 usawa wa bahari duniani umekuwa ukipanda kwa wastani wa milimita 3 na ushei kwa mwaka. Anayeupima yuko kilomita 1,336 juu. Hutuma mpigo wa rada, ukagonga maji na kurudi baada ya milisekunde 9 hivi. Gawa sekunde moja vipande trilioni: ukikosea vipande 67 tu katika kusoma muda huo, umekosea sentimita nzima.

Na kila chombo kina upotofu wake, unaotokana na saketi, nyaya na antena yake. Jason-2 ilipoanza kuruka pamoja na Jason-1 mwaka 2008, vipimo vyao juu ya maji yaleyale vilipishana kwa sentimita 7 hadi 8, sawa na miaka zaidi ya 20 ya kupanda kwa bahari. Ni kama kliniki iliyobadilisha mizani: kadi ya mtoto itaonyesha ameongezeka nusu kilo tangu mwezi jana, kumbe kilichobadilika ni mizani. Dawa inajulikana, mtoto apimwe siku hiyohiyo kwenye mizani zote mbili. Bahari nayo hufanyiwa vivyo hivyo. Ndani ya sekunde 30 maji hayajapwa wala kujaa, mawimbi ni yaleyale na mvuke hewani haujabadilika, kwa hiyo tofauti yoyote inayobaki ni ya vifaa.

Kufuatana huko si rahisi kama kunavyosikika. Setilaiti mpya huachwa na roketi chini kidogo ya njia inayokusudiwa. Aliye chini huzunguka haraka zaidi, hivyo humkaribia mwenzake siku hadi siku, huku injini zikiwashwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa kumpandisha. Ukimweka nyuma kabisa ya mwenzake kwenye mzunguko uleule, umekosea. Katika sekunde 30 dunia yenyewe imejizungusha, na kwenye ikweta ardhi imesogea karibu kilomita 14, kwa hiyo angepima maji mengine. Inabidi mzunguko wake usogezwe pembeni kwa takribani sehemu moja ya nane ya digrii, ndipo nyayo zao zilingane baharini. Baada ya hapo kila mmoja hulindwa asiache mstari kwa zaidi ya kilomita 1 hivi kila upande.

Njia hiyo hurudiwa kila baada ya siku 10 kasoro saa mbili hivi, mizunguko 127. Miezi michache hutosha kukutana na bahari tulivu na iliyochafuka. Sentinel-6 ilichukua muda mrefu zaidi kwa kuwa ina seti mbili za vifaa vya rada, A na B, na ya pili nayo ilipaswa kupimwa kabla Jason-3 haijaondoka.

Umuhimu wa hayo huonekana zaidi pale yalipokosekana. TOPEX/Poseidon, ya kwanza katika ukoo huu, ilirushwa Agosti 1992. Rada yake ya upande A ilianza kuchakaa, na Februari 1999 ikawashwa ya akiba, B. Hizo mbili hazikuweza kufanya kazi pamoja, wala hakukuwa na mwenzake kwenye njia ileile. Ikabidi kutegemea vipimio vya maji vya bandarini, na hadi miaka ya 2010 wataalamu walikuwa bado wanasahihisha takwimu za miaka ile sita ya mwanzo.

Isitoshe, rada hutoa umbali tu kati ya chombo na maji. Bila kujua chombo chenyewe kiko wapi, kwa usahihi wa sentimita moja au mbili, umbali huo hausemi kitu. Hapo ndipo jiodesia, sayansi ya kupima umbo la dunia na mahali pa vitu juu yake, inapoingia: vituo vya leza, mitambo ya redio ya DORIS iliyotapakaa duniani na vipokezi vya GPS, vikiwemo vya Malindi na Mbarara vinavyosaidia kuwekea dunia fremu moja ya vipimo, yaani msingi mmoja wa kusomea mahali pa kila kitu. Mfumo wa jiodesia wa kimataifa, GGOS, umejiwekea lengo la fremu yenye usahihi wa milimita 1 isiyoyumba zaidi ya milimita 0.1 kwa mwaka. Fremu ikiteleza kuelekea kaskazini, bahari itaonekana inapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na hakuna rada itakayolibaini hilo.

Mpya ikishaaminika, ya zamani husogezwa katikati ya mistari, ambayo kwenye ikweta imeachana kwa kilomita 315 hivi, ikajaze pengo. Jason-3 ilifanya hivyo Aprili 2022. Jason-1 ilipozeeka, mwaka 2012 ilishushwa hadi kwenye njia inayojirudia kila siku 406. Mistari yake ikasongamana kiasi cha kuonyesha mikunjo midogo ya uso wa bahari inayosababishwa na mvutano wa milima iliyo chini ya maji, na vipimo hivyo vikasaidia kuchora ramani bora ya sakafu ya bahari.

Ilishushwa pia ili isije ikagongana na TOPEX/Poseidon, iliyokufa Januari 2006 na ambayo haiongozeki tena. Bado inazunguka kwenye kimo kilekile wanachokitumia wajukuu wake.