Fulana na vikombe vya kuchapa: dhana zinazoyeyusha mtaji wa duka la mtandaoni

Kuuza mtandaoni fulana, vikombe, mifuko na kofia zenye michoro yako kunaonekana kazi nyepesi: chora, bandika, uza. Kuchora, kwa kweli, ndiyo sehemu nyepesi. Pesa hupotelea kati ya faili na kitambaa, kisha kati ya oda na mlango wa mteja, na mara nyingi hupotea kwa sababu ya mambo ambayo muuzaji aliambiwa na akayaamini bila kuyapima.

“Picha ikiwa safi kwenye simu, itachapika safi”

Simu inaonyesha picha kwenye kioo cha upana wa sentimita saba. Fulana ya mtu mzima hubeba mchoro wa mbele wenye upana wa sentimita 28 hadi 30. Kipimo kinachotumika sana kwa uchapaji ni pikseli 300 kwa kila inchi, na kinahesabiwa kwa ukubwa ambao mchoro utakuwa nao kwenye kitambaa. Sentimita 30 ni inchi 11.8, kwa hiyo faili linahitaji takribani pikseli 3,540 kwa upana. Picha ya pikseli 1,080 uliyoichukua kwenye ukurasa wako wa kijamii, ikinyoshwa hadi hapo, inabaki na pikseli 91 kwa inchi. Matokeo yake ni herufi zenye kingo za ngazi-ngazi. Kuikuza kwa programu kunaongeza idadi ya pikseli tu. Kilichokuwa hakionekani hakirudi.

Kwa maandishi na nembo, chora kwa vekta (mchoro unaohifadhiwa kama mistari ya kihesabu, si pikseli) tangu mwanzo, kwani vekta haipungui ubora hata ukiitanua kwa ukubwa wa bango. Kama ni picha, hifadhi PNG isiyo na usuli. Usuli mweupe usioonekana kwenye skrini nyeupe utajitokeza kama kiraka cha mstatili kwenye fulana nyeusi. Na mteja akikutumia nembo kwa WhatsApp, mwombe aitume kama faili, si kama picha, maana picha hubanwa njiani.

Rangi nazo zina ugomvi wao. Skrini inatoa mwanga, wino unaurudisha tu. Kijani cha kumetameta na buluu ya umeme hupoa zikifika kwenye kitambaa. Chapa karatasi ya sampuli za rangi zako 20 au 30 kwenye kitambaa kile kile utakachouza, iandike namba, kisha chagua rangi kwa kuitazama hiyo badala ya skrini.

“Nikinunua mashine moja, nitachapa kila kitu”

Hapa ndipo watu wengi hununua kabla ya kuuliza. Kila njia ya kuchapa ina kitambaa chake, na ukiilazimisha kwingine itakuaibisha baada ya kufua mara mbili.

Sablimesheni hugeuza rangi kuwa gesi kwa joto, na gesi hiyo huingia ndani ya poliesta. Pamba haina pa kuishikia, ndiyo maana mchoro kwenye fulana ya pamba hufifia kwenye maji ya kwanza. Njia hii pia haina wino mweupe, kwa hiyo nyeupe ya mchoro ni nyeupe ya kitambaa chenyewe, na kitambaa cheusi hakifai kabisa. Kwa vikombe, ni lazima kikombe kiwe kimepakwa tabaka maalumu. Kikombe cha kawaida cha dukani hakishiki rangi. Kitambaa huhitaji takribani nyuzi 190 hadi 200 za Selsiasi kwa sekunde 45 hadi 60, kikombe huchukua dakika 3 hadi 4. Na usisahau kugeuza mchoro kama kwenye kioo kabla ya kuchapa. Kila fundi ana kikombe kimoja rafuni chenye jina lililosomeka kinyumenyume.

DTF, yaani kuchapa kwenye filamu, kunyunyiza unga wa gundi kisha kuhamishia kwenye nguo, inashika pamba, poliesta na mchanganyiko, nyeusi kwa nyeupe. Kwa kawaida hukandamizwa kwa nyuzi 150 hadi 165, sekunde 10 hadi 15, filamu ikabanduliwa, halafu nguo ikakandamizwa tena kwa sekunde chache. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na ndiyo inayozuia kingo kuinuka. Ubaya wa DTF ni kwamba mchoro mkubwa uliojaa rangi hukaa kama plastiki kifuani: hauruhusu hewa kupita. Acha nafasi tupu ndani ya mchoro, nguo itavalika.

Uchapaji wa skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu uliobanwa kwenye fremu, ndiyo njia ya wingi. Kila rangi inadai fremu yake, kwa hiyo mchoro wa rangi nne ni fremu nne, iwe unachapa fulana 1 au 500. Kwa oda ya vipande vitano gharama hiyo inakumeza. Kwa vipande mia inakaribia kusahaulika. Wino wa plastisoli, yaani wino mzito wa plastiki, hukomaa ukifika takribani nyuzi 160 katika unene wake wote. Ukikauka juu tu huku chini ukiwa mbichi, utapasuka kama tope la kiangazi. Vuta kitambaa taratibu pande mbili ili uupime: wino uliokomaa hunyooka, mbichi hutatuka.

Mtego mwingine ni fulana nyekundu ya poliesta yenye maandishi meupe. Joto huiamsha rangi ya kitambaa nayo hupanda ndani ya wino, na kesho yake maandishi yamekuwa waridi. Tumia wino au filamu yenye kizuizi cha rangi, na punguza joto hadi kiwango cha chini anachoruhusu mtengenezaji.

“Pasi ya nyumbani inatosha kuanzia”

Inatosha kwa fulana ya kuvaa mwenyewe. Pasi ina matundu ya mvuke ambayo hayapashi joto, ncha na kitako chake havilingani kwa joto, na mgandamizo unategemea mkono wako umechoka kiasi gani. Kama huwezi kununua hiti presi, yaani mashine ya kukandamiza kwa joto, agiza kwa mchapaji na umlipe kwa kipande. Afadhali faida ndogo kuliko kurudisha pesa za watu.

“Duka lenye michoro mingi ndilo linalouza”

Hesabu kwanza. Michoro 10, rangi za fulana 3, saizi 5: hizo ni aina 150 tofauti. Ukiweka vipande vinne tu vya kila aina, umenunua fulana 600, na hujui bado nani anavaa nini. Saizi zilizobaki ndizo zinazoua duka, kwani mteja wa L hanunui S kwa sababu ipo.

Fulana iliyokwisha kuchapwa inaweza kuuzwa kwa mtu mmoja tu: anayetaka mchoro ule, rangi ile, saizi ile. Fulana tupu inaweza kuwa chochote. Kwa hiyo weka akiba ya tupu. Anza na nyeusi na nyeupe, dazeni moja kwa kila rangi, kwa uwiano wa S 2, M 4, L 4 na XL 2. Michoro iweke kwenye filamu za DTF zilizokwisha kuchapwa. Oda ikiingia, unakandamiza na kufunga siku hiyo hiyo. Filamu huuzwa kwa urefu, na kwenye eneo la kuchapa la sentimita 55, michoro miwili ya sentimita 27 hukaa bega kwa bega. Mapengo yanayobaki yajaze na nembo ndogo za kifua cha kushoto zenye sentimita 9. Unayalipia hata ukiyaacha wazi.

Baada ya miezi michache badilisha uwiano wa saizi kufuata mauzo yako mwenyewe. Duka la wacheza mazoezi na duka la walezi wa watoto hayavai sawa.

“Kampuni ikinichapia na kunisafirishia, mimi sina hatari yoyote”

Hatari ya kubaki na mzigo haipo, hilo ni kweli. Lakini mteja alinunua kwako, si kwa mchapaji ambaye hajawahi kumsikia. Mchoro ukikaa upande, lawama ni yako. Faida kwa kipande ni nyembamba zaidi, na huwezi kupenyeza kadi ya shukrani wala kuona kilichotumwa kabla hakijatumwa.

Agiza sampuli ya kila bidhaa unayoiweka dukani, kwa pesa yako. Fua mara tano, ukigeuza ndani nje kwa maji ya nyuzi 30, na pima fulana kabla na baada, kwa sababu pamba isiyosinyazwa kiwandani inaweza kupungua kwa asilimia 5. Kwenye urefu wa sentimita 72 hizo ni zaidi ya sentimita 3 na nusu.

“Picha ya mtandaoni ni ya wote, na nikiibadilisha asilimia 30 ni yangu”

Hiyo asilimia 30 haipo katika sheria yoyote. Ni uvumi uliozeeka. Chini ya Mkataba wa Berne, ulioanza mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, hakimiliki haihitaji kusajiliwa. Inazaliwa kazi inapotengenezwa, na kwa kazi nyingi hudumu uhai wa msanii na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Swali ni kama ulichochukua kinatambulika kuwa ni cha mwenzako, si umebadilisha kiasi gani.

Nembo za timu, wahusika wa katuni na majina ya bidhaa hulindwa pia kama alama za biashara. Katika mgawanyo wa kimataifa wa bidhaa uitwao Nice, nguo zipo daraja la 25, vikombe 21, mifuko 18. Tafuta jina la duka lako katika daraja husika kwenye daftari la alama za nchi unakouza, kabla hujachapa lebo elfu moja.

Sehemu inayosahaulika ni fonti. Fonti nyingi za bure ni bure kwa matumizi binafsi tu. Soma leseni, piga picha ya ukurasa wake siku ulipopakua, uiweke pamoja na faili la mchoro. Vivyo hivyo kwa vielelezo vya programu za kubuni: nyingi zinakataza kuuza kielelezo chao kikiwa peke yake bila kuongezewa kitu.

“Bei ni gharama mara mbili, basi”

Gharama ipi? Wengi huhesabu fulana na wino wakaishia hapo. Ongeza mfuko wa kufungia, lebo, makato ya malipo, makato ya soko la mtandaoni, tangazo, muda wako, na zilizoharibika. Ukiharibu fulana 1 kati ya 20, zile 19 nzuri zinabeba gharama yake: kila moja imepanda kwa zaidi ya asilimia 5.

Makato hukatwa kwenye bei, si kwenye gharama. Ukitaka kubaki na 80 baada ya makato ya asilimia 20, usiongeze asilimia 20 ukapata 96, kwa kuwa utabaki na 76.8. Gawa 80 kwa 0.8, bei ni 100.

Punguzo nalo lina makali. Gharama ni 70, bei 100, faida 30. Tangaza punguzo la asilimia 20 na bei inakuwa 80, faida 10. Sasa unapaswa kuuza mara tatu ili upate kile kile, na kuchapa mara tatu pia.

“Mteja akikosea jina, tutamalizana”

Hamtamalizana. Kikombe kilichoandikwa jina hakina mnunuzi wa pili. Mtumie mteja mfano wa mchoro, akajibu kwa maandishi “nimekubali”, akalipa yote au angalau kiasi kinachofunika gharama, ndipo uchape. Majina nakili kutoka kwenye ujumbe wake, usiyaandike upya kwa mkono. Sheria nyingi zinatofautisha bidhaa hizi: katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, haki ya kurudisha ndani ya siku 14 haihusu bidhaa iliyotengenezwa kwa maelekezo ya mnunuzi. Kasoro za uchapaji, hata hivyo, ni zako popote pale.

“Mzigo mwepesi ni rahisi kusafirisha”

Wasafirishaji wengi hutoza kwa uzito ulio mkubwa kati ya ule wa mizani na ule wa ujazo. Kanuni inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Mto wa sofa wa nusu kilo katika boksi la sentimita 40 × 40 × 15 unahesabiwa kilo 4.8. Uuze foronya peke yake. Kikombe nacho kipe sentimita 5 za kujaza kila upande, mkono wake ukiwa umeviringishwa kivyake, kisha angusha boksi la majaribio kutoka kimo cha kiuno. Kikombe kikivunjika mbele yako, umepoteza kimoja tu.

“Picha ya kompyuta ya fulana inatosha kuuzia”

Picha hizo huweka mchoro mahali pazuri kuliko mkono wako. Pima: ukingo wa juu wa mchoro ukae takribani sentimita 7 hadi 8 chini ya kola. Piga picha ya fulana halisi kando ya dirisha, karatasi nyeupe ikirudisha mwanga upande wa kivuli. Chini yake weka jedwali la vipimo vya nguo ikiwa imelazwa: upana wa kifua kutoka kwapa hadi kwapa, urefu kutoka sehemu ya juu kabisa ya bega hadi pindo. Andika kwamba hicho ni kipimo cha upande mmoja. Mteja asiyejua hilo atasoma kifua sentimita 52 na kudhani umemuuzia nguo ya mtoto.