Skati haikuzaliwa kwa karatasi kuanguka

Hadithi inayosimuliwa ni hii: Februari 1926, jijini Chicago, mwanamuziki wa jazi Louis Armstrong alikuwa akirekodi "Heebie Jeebies" na kundi lake la Hot Five. Karatasi ya maneno ya wimbo ikamponyoka, naye akajaza pengo kwa silabi zisizo na maana. Eti hapo ndipo uimbaji wa skati ulipozaliwa.

Armstrong mwenyewe aliisimulia, na huenda karatasi ilianguka kweli. Lakini mwimbaji Gene Greene alikwishaimba hivyo kwenye santuri mwaka 1911, na mwimbaji mwingine, Cliff Edwards, mwaka 1923.

Isitoshe, sikiliza wimbo wenyewe. Kwanza anaimba maneno kama kawaida, halafu anaingia kwenye silabi: zinapanda, zinashuka, zinachelewa kidogo nyuma ya mdundo, vilevile alivyozoea kupiga korneti, ala iliyo ndugu ya tarumbeta. Sisikii mtu aliyebabaika hata kidogo. Huyu alikuwa ameimba mitaani New Orleans na wavulana wenzake tangu utotoni.

Inaniuma kuona ustadi wake ukiitwa bahati. Alichofanya ni kuipa sauti ya mtu uhuru wa tarumbeta, na mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald akaiendeleza njia hiyo miongo kadhaa.