Skafu ya uzi wa kutia rangi kwa mkono: pima uzi kabla ya kushika sindano

Wanaokuja kujifunza kufuma kwangu hapa Njombe hufika na picha kwenye simu: skafu za misokoto, matundu, majani yaliyochomoza. Kwa uzi wa rangi moja, sawa kabisa. Kwa uzi uliotiwa rangi mbili tatu sufuriani, nawaomba waweke simu pembeni. Rangi inayobadilika kila baada ya shibiri mbili humeza mtindo wowote wenye kazi nyingi, na jasho lako halionekani. Ufumaji wa mbele kila mstari, ule wa siku ya kwanza kabisa, ndio unaoibeba vizuri. Kazi kubwa iko kwingine, kwenye upana wa skafu.

Ila kwanza hakikisha una sufu. Uzi mwingi wa masweta sokoni huitwa sufu kumbe ni akriliki, yaani uzi wa plastiki, na akriliki haishiki rangi ya magome wala maganda. Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, washa kiberiti. Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu cheusi.

Rangi huku kwetu hazina shida. Maganda ya vitunguu hutoa manjano ya dhahabu. Magome ya miwati, yaleyale ambayo tanini yake hutengenezea ngozi, hutoa kahawia, na ukitumbukiza misumari yenye kutu inageuka kijivu. Kokwa za parachichi hutoa pinki iliyopoa. Binzari inavutia siku ya kwanza lakini jua huila upesi, kwa hiyo kwenye skafu siitumii.

Kwa gramu 100 za uzi mkavu weka ndani ya maji gramu 10 hadi 12 za shabu, chumvi inayoshikisha rangi kwenye sufu. Pasha uzi humo taratibu kwa saa moja, uache upoe. Maganda makavu ya vitunguu, uzito sawa na wa uzi, yachemshe peke yake saa moja, chuja, ndipo uzi uliolowa uingie. Ukitaka rangi mbili, zamisha nusu ya shada, yaani uzi uliozungushwa kuwa duara kubwa na kufungwa, kwenye vitunguu, kisha nusu ya pili kwenye miwati.

Sufu haiharibiwi na joto la maji peke yake. Kila unyoya una magamba madogo sana, na ukiukoroga ndani ya maji ya moto au ukiutoa kwenye moto na kuutumbukiza kwenye maji ya baridi, magamba hunasana na uzi hauachani tena. Kwenye mwinuko wetu wa karibu mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi joto 93 au 94, lakini hilo lisikutie ujasiri wa kuyaacha yatokote. Viputo vikianza, punguza mkaa. Bonyeza uzi kwa mwiko uzame, usiukoroge, na uache upoe mlemle sufuriani.

Sasa upana. Nyoosha shada lako ulipime mzunguko, maana kila mzunguko mmoja rangi hujirudia. Tuseme ni sentimeta 150. Fuma vitanzi 10 katikati ya kipande cha majaribio, weka alama mwanzo na mwisho, fumua, pima uzi uliotumika. Tuseme sentimeta 15. Ukianza skafu kwa vitanzi 50, mstari mmoja unakula sentimeta 75, kwenda na kurudi ni 150, yaani mzunguko mzima. Kila ukirudi, kahawia inaangukia juu ya kahawia na manjano juu ya manjano. Skafu inatoka na mabaka makubwa, na mfumaji anailaumu rangi bure.

Punguza hadi vitanzi 44. Kwenda na kurudi ni sentimeta 132, rangi inasogea sentimeta 18 kila mara, na mabaka yanavunjika kuwa michirizi. Skafu itakuwa na upana wa sentimeta 22 badala ya 25, na shingoni hutaona tofauti. Wapo wanaoyapenda hayo mabaka, nami nimeona skafu nzuri sana za namna hiyo. Hao wafume 50 kwa makusudi.

Skafu ya kutosha baridi ya Juni na Julai itakula kama gramu 200, yaani mashada mawili ya gramu 100, na mashada mawili hayafanani hata yakitoka sufuria moja. Usimalize la kwanza ndipo uunge la pili. Fuma mistari miwili kwa hili, miwili kwa lile, ukiupandisha uzi ubavuni bila kuuvuta, la sivyo ukingo mmoja utajikunja.

Ikiisha, loweka kwenye maji ya baridi yenye sabuni kidogo, suuza kwa maji safi, nayo ya baridi, ikamue ndani ya taulo na uitandaze kivulini. Usiianike kwenye kamba: sufu iliyolowa ni nzito, na skafu itarefuka ikapoteza upana wote uliouhesabia.