Lukasa ni nini?

Hapa Lubumbashi, onyesha kipande cha mti kilichochongwa na kupambwa shanga, na mtu atakuambia ni fetishi hata kabla hujamaliza kukifunua. Lukasa nao huponzwa na mkumbo huo. Si hirizi ya kuvaa, wala dawa ya kuzika mlangoni. Ni ubao ambao Waluba, huku kaskazini mwa Katanga, waliutumia kuhifadhi historia ya ufalme wao.

Ubao wenyewe ni mdogo, wa kuenea mkononi, na mara nyingi umebonyea katikati. Usoni umejaa shanga, pengine na simbi au pini za chuma. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikipapasa shanga, huku akisimulia au kuimba. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogondogo yaweza kuwa mfalme na watu wake; shanga zilizopangwa mstari, njia au safari. Kidole kinapita, na anaingia Nkongolo Mwamba, mtawala mkatili; anafuata Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni kutoka mashariki; kisha mwanawe Kalala Ilunga, aliyemshinda Nkongolo, mjomba wake, akashika ufalme.

Tena shanga si herufi. Ubao uleule, akiushika msomaji mwingine, au ukisomwa kwa shughuli nyingine, hutoa masimulizi tofauti. Wapenda tarehe hukereka, lakini mimi naona ufundi uko hapo: wazee hawakutunza maneno, walitunza vituo vya kupitia. Ndiyo maana mbao nyingi zilizoko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani huelezwa kwa jumla tu, maana zilichukuliwa bila wasomaji wake.

Mambo ya roho yamo pia, tusijidanganye. Wafalme waliofariki ni mizimu inayoheshimiwa, na mgongo wa ubao huchorwa mistari mithili ya gamba la kobe, alama ya chama kiitwacho Mbudye.

Mbudye ni chama cha siri cha wanaume na wanawake, chenye mafunzo ya daraja kwa daraja. Waliofika juu ndio waliofundishwa kusoma lukasa. Chama hicho kilimtumikia mfalme, na kilimbana vilevile. Aliyejua jinsi kiti kilivyopatikana, na masharti yake, aliweza kumkumbusha aliyekikalia kwamba Nkongolo naye alikuwa mfalme.