Si kila sumu hutolewa kwa kusafisha damu

Kuanzia Uyole hadi Njombe, wakulima wa viazi hupuliza dawa za wadudu msimu mzima. Mtu akiinywa au akilowa nayo, ndugu husema: "Mkimbizeni Mbeya mjini akasafishwe damu." Wengi huamini mashine ya kusafisha damu inachuja sumu yoyote. Sivyo.

Mashine huondoa kilichomo kwenye damu tu, tena chembe ndogo zisizoshikamana sana na protini. Methanoli ya pombe haramu, lithiamu (dawa ya magonjwa ya akili) au aspirini iliyozidi: hapo inaokoa kweli. Lakini dawa nyingi za wadudu za jamii ya oganofosfeti, sumu zinazovuruga mishipa ya fahamu, hupenya upesi kwenye mafuta ya mwili. Damu ikichujwa, sumu nyingi imeshahamia kwingine. Kinachoua hasa ni kifua kujaa majimaji na pumzi kushindwa, ndiyo maana daktari huanza na oksijeni na sindano za atropini, dawa ya kukausha majimaji hayo. Kuipita hospitali ya karibu ili kufuata mashine ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Maziwa nayo hayafuti sumu, na kumtapisha kwaweza kuipeleka mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, nawe ukijikinga mikono. Beba na chupa ya dawa yenye lebo. Daktari ataihitaji kuliko simulizi za mashuhuda.